Maji ya Bibi Ninayoyamwaga

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Kwako Shangazi wa ukurasa wa ushauri,

Shikamoo. Kabla sijaandika neno lolote nimejiapiza kwamba nitakueleza yote, ya kwangu na ya nyumbani kwetu, hata lile linaloniaibisha, kwa sababu mwalimu wetu wa darasa alitufundisha kwamba mtu akificha nusu ya jambo lake atashauriwa juu ya jambo lisilo lake. Naomba msaada wako, Shangazi, na naomba usinicheke kwa kuwa mimi ni mtoto wa shule ninayeandika mambo ya watu wazima, maana watu wazima wa nyumbani hawajui ninayoyajua, na ninayoyajua yamenizidi.

Nyumbani tuko wanne. Baba ni fundi seremala na karakana yake iko uani, mama anafanya kazi kiwanda cha mikate na huondoka sisi wengine tukiwa bado tumelala, halafu kuna mimi, na kuna bibi, mama yake mama, ambaye ndiye ninayetaka kukueleza habari zake. Bibi amevuka miaka themanini na amekonda mpaka nikimvisha gauni naona linamkataa mabegani, lakini zamani alikuwa opareta wa simu, wa zile simu ambazo ulikuwa huwezi kumpata mtu moja kwa moja, unanyanyua mkono wa simu unampata opareta kwanza, yeye anachomeka waya ubaoni na kukuunganisha na unayemtaka. Mtaani kwetu wanamwita Bi Halo, kwa sababu hata ukibisha hodi mlangoni hakuambii karibu, anakuambia, "Halo, nani mwenzangu?" na mimi ananiita mke mwenzangu, anasema tumeolewa na babu mmoja ila mimi nilichelewa harusi.

Bibi alinilea kwa hadithi za kazi yake. Aliniambia kwamba kwenye ule ubao alisikia ndoa zikivunjika, watu wakifilisika na wakubwa wakilia kama watoto, na hajamwambia mtu hadi leo, hata marehemu babu hakuambiwa, kwa sababu opareta akishavua vile vifaa vya masikioni anaacha yote pale pale mezani. Jambo moja tu lilimruhusu kuingia katika mazungumzo ya watu, nalo ni dharura, kama mtu anatafuta daktari au nyumba inaungua, hapo aliingilia hata mazungumzo ya mkuu wake wa kazi na kusema, "Samahanini, nakata laini hii, kuna dharura." Anapenda kuisimulia sehemu hiyo huku ameketi wima. Basi mimi nimekua nikitaka kuwa mtu wa kutunza siri kama yeye, na ndiyo maana haya yamenipata.

Bibi aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari wa mifupa alimfanyia upasuaji, akatoa kile kichwa cha mfupa kilichovunjika na kumwekea kiungo cha chuma, na alipotoka hospitali tulifurahi kama watu waliorudishiwa kitu kilichopotea. Baba aliinua kitanda chake kwa vipande vya mbao ili asiketi chini sana, maana tulikatazwa magoti yake yasipande juu ya nyonga, mama akashona mto wa kuweka katikati ya miguu asije akaipishanisha akiwa usingizini, na mimi nikapewa kazi ya kumwogesha na kumpaka mafuta nikirudi shule. Hospitali hutuma kijana wa kumfanyisha mazoezi, bibi amempa jina la Bwana Hatua kwa sababu maneno yake yote ni, "Hatua moja nyingine, mama, moja tu," na bibi humjibu, "Wewe uliniambia moja tangu mlangoni, hesabu ulisoma wapi?"

Bwana Hatua alisema bibi atembee mwenyewe kwa fremu yake kwenda chooni, mmoja wetu akiwa pembeni, na kwamba huko kutembea ndiko dawa yenyewe. Lakini choo chetu kiko ng'ambo ya ua, njia inapita mbele ya karakana, chini kuna vumbi la mbao na vipande vya miti, na baba anaogopa kuliko kitu chochote bibi asije akaanguka mbele yake. Mama hayupo mchana, mimi niko shule, kwa hiyo baba akaamua kumbeba. Anaacha randa mezani, anapangusa mikono, anakuja mlangoni na kusema, "Mama mkwe, teksi imefika," na wateja waliokaa kwenye benchi hucheka, na bibi huwaambia, "Leo dereva apite polepole, jana alinirusha kwenye mashimo," wakacheka tena. Kila mtu anaona kwamba mkwe na mama mkwe wanapendana, na ni kweli wanapendana, Shangazi, sitaki umfikirie baba vibaya.

Lakini mimi ndiye ninayemwogesha bibi, na siku moja nilipokuwa nampaka mafuta mgongoni niliona mabega yanatikisika, nikadhani anacheka, kumbe analia amegeukia ukuta. Nilimuuliza kama mguu unauma.

"Mguu hauna neno," akasema. "Mke mwenzangu, huyu baba yako mimi nilimwoza binti yangu. Nilikuwa nikisikia kikohozi chake mlangoni najifunika hata kama nimejifunika tayari. Tulikuwa hatupiti mlango mmoja kwa pamoja. Leo ananinyanyua kwapani, kichwa changu kiko kifuani kwake, ananiketisha chooni anasimama nje anasubiri nimwite. Na watu wako kwenye benchi."

"Baba haoni hivyo, bibi. Anakuona kama mama yake."

"Yeye haoni. Mimi je, nimepofuka?"

Nikamwambia basi nimweleze mama, bibi akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akasema mama akiambiwa ataacha kazi, na baba akiambiwa ataona kwamba alichokifanya kwa moyo wake wote kilikuwa ni kumdhalilisha, hatanyanyua tena uso wake mbele ya bibi wala bibi mbele yake, na nyumba itaharibika kwa sababu ya mkojo wa kikongwe. Halafu akasema amekwishapata njia yake. Asipokunywa, haendi.

Shangazi, aibu yangu inaanzia hapa. Mama kabla ya kwenda kazini humjazia bibi jagi la maji na kuliweka kwenye stuli karibu na kitanda, na akirudi kitu cha kwanza anachotazama ni lile jagi. Bibi aliniomba niwe namwaga yale maji kabla mama hajarudi, abaki na funda chache tu za kulowesha mdomo na kumezea dawa. Alinifanya niahidi kwa jina la babu. Nikaahidi, na tangu hapo nikitoka shule nalimwaga lile jagi ndani ya ndoo ya kupigia deki, napiga deki chumba cha bibi kwa maji yake ya kunywa, na mama akiingia husema, "Hongera mama, umemaliza jagi zima," na bibi huniangalia, na mimi hukamua lile dekio bila kuinua kichwa.

Mwanzoni niliona kama ni siri ya wanawake wawili na nilijisikia mkubwa. Sasa midomo yake imepasuka, na mkojo wake ninaoufuta ukimponyoka una rangi ya chai ya rangi na harufu kali, na chini ya mgongo, pale mfupa wa kukalia unapoanza, ngozi imekuwa nyekundu na nikiibonyeza haibadiliki. Chakula anakisogeza tu sahanini. Na kitu kibaya kuliko vyote ni kwamba jioni bibi huwa anaondoka, simaanishi anaondoka kitandani, maana yangu ni kwamba yupo lakini hayupo. Hunyoosha mkono hewani kama anachomeka waya na kusema, "Halo, namba gani tafadhali? Laini hiyo ina mtu, subiri, usikate." Mara ya kwanza tulicheka, hata mama alicheka, akamjibu, "Nipe kiwanda cha mikate," na bibi akasema, "Nakuunganisha," kwa sauti nzuri kabisa ya kazini. Kesho yake alimwita mama kwa cheo cha msimamizi wake wa zamani wa kazi, akamwomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa sababu zamu yake imekwisha, na mama akatoka nje akasimama nyuma ya karakana mpaka chakula kikapoa. Asubuhi bibi huwa mzima tena, anajua siku na anatania, jioni ikifika anarudi kwenye ubao wake.

Mama alimpigia simu mjomba, kaka yake mkubwa anayeishi mji mwingine, akaweka simu kwenye sauti ya wote tukasikia. Mjomba alisema, "Tusidanganyane, mama amezeeka, akili imeshachoka. Kila siku mnamkokota na mazoezi ya nini, mnamtesa bure. Nakuja Jumamosi nimchukue, kwangu kuna msichana wa kazi, atalala, atageuzwa, atapumzika." Baba akasema taratibu, "Shemeji, madaktari walisema atatembea." Mjomba akamjibu, "Walisema hivyo kabla hajarudi utoto." Mama hakusema kitu, na kwa mama kutosema kitu ni kukubali, na nimesikia ameshamwambia Bwana Hatua kwamba wiki ijayo asije tena.

Bwana Hatua alipokuja mara ya mwisho alimtazama bibi ulimi, akavuta ngozi ya mkono wake na kuiachia, akakunja uso. Akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo, akauliza, "Dada, mama huyu anakunywa maji ya kutosha?" Bibi alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ndiyo, anamaliza jagi." Nilisema vizuri kabisa, Shangazi, kwa sauti ya kueleweka kama tunavyofundishwa kujibu maswali darasani, naye akaamini, akasema basi huenda ni umri.

Sasa mimi nafikiri si umri. Sina uhakika, kwa sababu mimi si daktari, lakini mwalimu wa sayansi alitueleza jinsi mwili unavyoharibika ukikosa maji, na tangu siku ile sikai darasani kwa raha. Nikinyamaza, Jumamosi bibi atachukuliwa akalazwe kwenye kitanda cha mjomba kama mtu aliyekwisha, na hatatembea tena. Nikisema, nitakuwa nimeivunja ahadi niliyompa kwa jina la babu, baba atajua kwamba mama mkwe wake alipendelea kiu kuliko mikono yake, na mama atajua kwamba mwanawe alikuwa anamdanganya kila siku kwa dekio mkononi. Nimejaribu kumbembeleza bibi anywe nikiwepo mimi, hunywa kidogo kwa kunihurumia halafu hukataa. Jana nilimwambia kwamba naogopa atakufa. Akasema, "Watu hufa, mke mwenzangu. Lakini si lazima wabebwe na mkwe."

Kuna jambo jingine dogo ambalo labda si la muhimu, ila nimeapa kusema yote. Juzi nilipomvua soksi niliona shavu la mguu wake mmoja, ule uliofanyiwa upasuaji, limekuwa nene kuliko la mwenzake na lina joto, na soksi imeacha alama, na nilipolishika alisema, "Polepole hapo." Nilifikiri ni kwa sababu ya kukaa sana.

Gazeti lenu linafika kwetu likiwa limechelewa, kwa hiyo nyuma ya bahasha nimeandika namba ya simu ya mwalimu wangu wa darasa, ambaye anajua kwamba nimekuandikia lakini hajui nimeandika nini. Tafadhali usipige karakana, simu ile hupokea baba. Nina swali moja tu na naomba unijibu kwa haraka, kabla mjomba hajafika: nikivunja ahadi yangu ili bibi apone, bibi ataniamini tena?

Mimi, mjukuu wa Bi Halo

JIBU LA SHANGAZI

Mjukuu wa Bi Halo,

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye lile jambo ulilosema ni dogo na labda si la muhimu, niliiweka mezani nikashika simu. Wewe unajua yaliyofuata, lakini wasomaji wangu hawajui, na wengi wao wana mzee kitandani saa hii, kwa hiyo nitayaeleza. Mama yako amenipa ruhusa ya kuichapa barua yako bila majina, baada ya kuisoma mara mbili. Mara ya pili hakuimaliza.

Mimi si daktari, nilimpigia kwanza muuguzi wa wodi ya mifupa ninayemwamini, nikamsomea. Akaniambia, "Shavu la mguu limevimba, lina joto, baada ya upasuaji wa nyonga, kwa mzee asiyetembea wala kunywa maji? Hiyo inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Kipande kikikatika kikaenda kwenye mapafu, huyo bibi hataisubiri Jumamosi. Na mguu huo mtu asiukande." Nikampigia mwalimu wako. Sikumweleza siri yako yote, nilimwambia akuombee ruhusa mara moja na akupeleke nyumbani mwenyewe, na kwamba njiani utamwambia utakachotaka. Mwalimu wako ni mtu wa kushukuriwa, alikufikisha nyumbani amevaa viatu vya michezo na filimbi shingoni, ukasema yote, na bibi akapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nikukemee, maana umeniomba ushauri na kukemewa ni sehemu yake. Kumwaga maji ulikosea, ila ulikosea kama mtoto aliyependa. Kumwambia Bwana Hatua kwamba bibi anamaliza jagi, hapo ulimfunga macho mtu pekee aliyekuwa amekaribia kuona. Mtu wa hospitali akikuuliza mgonjwa anakunywa nini, anakula nini, anakojoa vipi, hapo hakuna siri ya wanawake wawili. Jibu ukweli, hata mgonjwa akikukazia macho, hata akiwa ni bibi yako na umeapa kwa jina la babu. Usirudie tena.

Yamekwisha. Sikukemei zaidi, kwa sababu wewe una umri wa kwenda shule na ulibebeshwa mzigo ambao watu wazima wa nyumba hiyo waliupita kila siku bila kuuona.

Baba yake, nasema na wewe, na najua unasoma. Una mkono mwema na moyo mwema, na kile kitanda ulichokiinua hata yule muuguzi niliyemsomea barua amekisifu. Lakini hukuuliza. Mgonjwa wa nyonga hakuhitaji teksi, alihitaji njia. Wewe ni fundi, ungefagia maranda, ungeweka mbao za kupita sawasawa na fito ya kushikilia ukutani, na mama mkwe angetembea mwenyewe kwa fremu yake na heshima yake. Kumbeba kulikuwa rahisi kwako na kwa hofu yako, na miguu yake ikalala. Hukumdhalilisha kwa makusudi, na yeye anajua, ndiyo maana alichagua kiu kuliko kukuumiza. Usikae sasa unajilaumu karakanani, mtengenezee kiti. Muuguzi ameniambia kinavyotakiwa kiwe: kirefu ili magoti yasipande, chenye mikono imara ya kusukumia wakati wa kuinuka, tundu katikati na ndoo yenye kifuniko chini, kikae chumbani mwake nyuma ya pazia. Wateja wa viti vya kulia chakula watasubiri.

Mama yake, wewe ulitazama jagi. Ungetazama ulimi wa mama yako, na ungetazama ile ndoo ya deki. Jagi tupu linaonyesha tu kwamba maji yametoka ndani ya jagi. Na mjomba, wewe uliyemaliza habari ya mama yako kwenye simu ukiwa mji mwingine, nisikilize vizuri. Mzee ambaye juzi alikuwa na akili zake na leo jioni amechanganyikiwa, asubuhi akarudi, huyo hajarudi utoto. Huyo ni mgonjwa. Inaweza kuwa kiu, inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, inaweza kuwa dawa za maumivu au upungufu wa damu, na yote hayo yanatafutwa hospitali siku hiyo hiyo, hayatafutiwi kitanda cha kulala milele. Uzee hauingii mtu kati ya Jumapili na Jumatano.

Wasomaji wangu mlio na mzee aliyewekewa nyonga, shikeni haya. Mguu ukivimba upande mmoja, au kifua kikabana na pumzi ikawa fupi, hospitali. Kidonda kikitoa maji au usaha, au homa ikipanda, hospitali. Maumivu makali ya ghafla na mguu kuonekana mfupi au umegeuka, nyonga imechomoka, msimnyanyue wala msivute, iteni gari la wagonjwa. Ngozi ikiwa nyekundu mahali pa kukalia, mgeuzeni, msipasugue, mwiteni muuguzi kabla hapajafunguka. Na akianza kukataa maji, kabla hamjamgombeza mwulizeni taratibu, faraghani, na anayeuliza awe mwanamke kama mgonjwa ni mwanamke: "Nani anakupeleka chooni, na unajisikiaje?" Hilo swali halimo kwenye karatasi nyingi za hospitali, na Bi Halo alikuwa akilingoja tangu alipotoka huko.

Sasa nirudi kwako. Daktari alikuta damu imeganda mguuni kweli, akamwanzishia dawa ya kuiyeyusha taratibu, na maji kwa mshipa, na dawa ya mkojo. Sitakudanganya. Ni mzee, ni mwepesi, na mguu huo bado una hatari yake. Sijui kama atatembea hadi chooni wala kama atarudi kwenye chumba hicho. Ninachojua ni kwamba jioni ya pili wodini hakuunganisha simu ya mtu yeyote. Alimuuliza muuguzi kwa nini wali umepikwa bila chumvi.

Uliniuliza kama bibi atakuamini tena, na hilo ndilo ulilotaka nijibu haraka. Nilitaka kukuandikia jibu langu mwenyewe, halafu nikaona nampora mtu kazi yake. Nikamwomba mama yako amshikie simu sikioni.

"Halo, nani mwenzangu?" akasema. Sauti yenyewe imechoka, lakini ukiisikia unanyoosha mgongo.

Nikajitambulisha. Nikamwambia mjukuu wake anaogopa kuja wodini, kwamba amekaa nyumbani anaosha lile jagi ambalo halina uchafu. Akasema kwamba alikukasirikia, na kwamba hasira hiyo anayo bado kidogo, kwa sababu wewe ulijua neno la babu lilikuwa na uzito gani. Nikamsomea maneno yake mwenyewe kutoka kwenye barua yako, yale ya kuingilia mazungumzo ya mkuu wake wa kazi. Wewe uliyaandika bila kuyatazama, mwanangu. Yeye aliyasikia.

"Sasa," nikamuuliza, "siku ulipokata laini ya mkuu wako, alikuamini tena?"

"Alinuna wiki nzima."

"Halafu?"

"Halafu akamwambia msimamizi anipangie zamu za usiku, zile za dharura." Akaongeza, "Mwambie huyo mke mwenzangu hawa wauguzi wananipa maji ya vuguvugu."

Basi nakuagiza kupitia kwa mwalimu wako, maana gazeti litachelewa kukufikia, na hili si ombi. Leo ukitoka shule usikae nyumbani. Nenda wodini wakati wa kuwaona wagonjwa, chukua lile jagi ukalijaze maji ya kunywa yaliyopoa. Usimwombe msamaha mlangoni, wagonjwa wengine wanasikia na yeye hapendi. Mimina nusu glasi, mwinue kichwa kama ulivyofundishwa, na keti hapo hapo mpaka amalize. Akitaka kwenda haja, mwite muuguzi wa kike, vuta pazia, usimame upande wa nje. Akikuita, ingia.